Klabu ya Watoto ya Chautauqua: Taarikhi ya Kambi ya Kutwa Kandoni mwa Ziwa

Katika pembe ya kusini-magharibi ya jimbo la New York liko ziwa jembamba liitwalo Chautauqua, ambalo urefu wake ni yapata kilomita 27 na kimo chake juu ya usawa wa bahari karibu mita 400. Nalo lina ajabu yake, kwa kuwa ingawa Ziwa Erie li karibu mno, hata mtu akipanda vilima vya kaskazini huliona kwa macho, maji ya Chautauqua hayateremki huko, ila hushika njia ya kusini, yakaingia mto mmoja baada ya mwingine, Conewango na Allegheny, Ohio na Mississippi, mpaka yakatokea Ghuba ya Meksiko. Kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa hili, tangu mwaka 1893, watoto wa umri wa shule wamekuwa wakikusanyika kila kiangazi, wakifika asubuhi na kurejea makwao alasiri, kujifunza kuogelea, kuendesha vyombo vya tanga, kupiga makasia, kucheza mpira, kuimba na kufanya kazi za mikono. Na jamii yao hiyo, ijulikanayo kwa jina la Klabu ya Wavulana na Wasichana, ndiyo ihesabiwayo kuwa kongwe kupita kambi zote za kutwa katika Marekani. Taasisi nyingi zilizozaliwa mwaka ule zimekwisha kusahauliwa hata majina, na hii ingali hai. Basi inastahili kuandikiwa taarikhi yake kwa taadhima, tena kwa makini, ili ijulikane ilikuwaje ikadumu.

Haiwezekani kuieleza Klabu bila kuieleza kwanza taasisi iliyoizaa. Lewis Miller wa mji wa Akron, katika jimbo la Ohio, alikuwa fundi na mwenye kiwanda, aliyepata mali kwa kutengeneza mashine za kukatia nyasi na kuvunia nafaka, na pamoja na mali hiyo alikuwa na shauku kubwa ya elimu ya dini kwa watoto. Naye John Heyl Vincent alikuwa kasisi wa Kimethodisti, ambaye baadaye aliwekwa kuwa askofu, na fikira yake ya daima ilikuwa kwamba waalimu wa shule za Jumapili, waliokuwa wakifundisha kwa nia njema na ujuzi haba, wapaswa kufundishwa wao kwanza. Wawili hawa walishauriana, wakachagua mahala ufukoni mwa ziwa paitwapo Fair Point, palipokuwa pakifanyiwa mikutano ya ibada chini ya miti, na tarehe 4 Agosti 1874 wakafungua mkutano wa kwanza, uliodumu majuma mawili. Mwaka uliofuata alikuja Rais Ulysses Grant mwenyewe, kwa kuwa Vincent aliwahi kuwa kasisi wake katika mji wa Galena, na jina la Chautauqua likaenea nchi nzima. Mwaka 1878 kikaanzishwa chama cha kusoma vitabu kwa mpango wa miaka minne, kwa ajili ya watu wazima ambao dunia haikuwapa nafasi ya kuingia chuo kikuu, wake wa wakulima, makarani na wachuuzi, na maelfu yao wakajiandikisha wakiwa majumbani mwao. Mtu asipoielewa kiu hii ya elimu iliyowashika watu wa zama zile, hataelewa kwa nini waliacha mashamba na maduka yao wakati wa joto, wakaja kukaa katika mahema na vijumba vya mbao kando ya ziwa, ili wasikilize mihadhara juu ya nyota, juu ya lugha ya Kiebrania na juu ya uchumi wa dola.

Lakini wasomi hao walikuwa na watoto, na watoto walikuja pamoja nao. Waasisi hawakughafilika na jambo hili, kwani katika mwaka ule ule wa 1878 lilijengwa jumba maalumu lililoitwa Hekalu la Watoto, ambamo B. T. Vincent, nduguye askofu, aliwafundisha watoto Maandiko na jiografia ya nchi takatifu, akisaidiwa na mchoraji Frank Beard, aliyekuwa na kipaji adimu cha kufundisha kwa chaki: husimulia kisa na mkono wake huku unakichora ubaoni, hata wakubwa wakawa wanajipenyeza nyuma wapate kutazama. Na nje, ukingoni kabisa mwa ziwa, ilifanyizwa tangu mwaka wa kwanza ramani ya Palestina ya udongo na mawe, kubwa hata mtu aweza kutembea ndani yake kutoka Dani hata Beer-Sheba, yenye vilima vyake, mto wake Yordani, Ziwa la Galilaya na Bahari ya Chumvi, nalo Ziwa Chautauqua likikaa mahali pa Bahari ya Kati. Kwa kuwa ziwa liko mashariki ya ufuko, na Bahari ya Kati iko magharibi ya Palestina, ilibidi ramani nzima igeuzwe, kaskazini ikawa kusini. Na mpaka leo mgeni mwenye dira mkononi hustaajabu. Mmoja wa waalimu wa awali alikuwa akivaa mavazi ya Kituruki na kupanda juu ya dari ya nyumba akaadhini, ili wasikilizaji wapate kujua sauti isikikayo katika miji ya Mashariki. Watu wa pwani yetu, ambao adhana ni saa yao, watafurahi kujua kwamba mwito huo ulisikika kandoni mwa ziwa la Wamarekani miaka mia na hamsini iliyopita, mbele ya watoto waliokaa kimya kuusikiliza.

Hayo yote yalikuwa mema, ila yalikuwa darasa juu ya darasa. Mtoto aliyetoka shuleni mwezi wa sita, akaletwa ziwani, akaketishwa tena kwenye benchi, alikuwa na haki ya kunung'unika, na aghalabu alikimbia. Na kijana wa miaka kumi na miwili asiye na shughuli, aliyezungukwa na maji, miti na wakubwa walioshika vitabu, hachelewi kuvumbua shughuli yake mwenyewe. Balaa hii haikuwa ya Chautauqua peke yake. Ernest Balch, aliyekuwa kijana wa chuo, alipoona jinsi watoto wa matajiri walivyokuwa wakiharibika kwa uvivu katika mahoteli ya kiangazi, alianzisha mwaka 1881 kambi iliyoitwa Chocorua, katika kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Squam huko New Hampshire, ambako wavulana walijipikia, wakaosha vyombo vyao na kujijengea nyumba zao. Kabla yake, mwaka 1861, mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwatoa wanafunzi wake shuleni akawapeleka pwani kupiga mahema. Na baada yake, mwaka 1885, Sumner Dudley aliwachukua wavulana saba mpaka Orange Lake, na kambi iliyotokana na safari hiyo ingalipo mpaka leo kando ya Ziwa Champlain. Wote hawa walishika dawa moja, nayo ni kumwondoa mtoto kwao na kumlaza mbali, akae majuma mengi na wageni mpaka tabia yake igeuke. Sisemi kwamba dawa hiyo ilikuwa mbaya, kwani wengi iliwafaa. Lakini kambi ya Balch, pamoja na uzuri wake wote na sifa iliyoipata, ilifungwa mwaka 1889, haikutimiza miaka kumi, kwa sababu ilimtegemea mtu mmoja na mkoba wake.

Chautauqua ilikwenda njia nyingine, na mwaka 1893, mwaka ambao mabenki ya Marekani yalikuwa yakianguka na watu wengi kukosa kazi, na ambao hata hivyo ukumbi mkubwa ulio wazi pande zote ulijengwa pale pale ili wapate kuketi maelfu ya wasikilizaji, wavulana walikusanywa wakafanyiwa klabu yao. Wasichana walifuata muda si mrefu, kwa chama chao wenyewe na mambo yao wenyewe, na baadaye vyama viwili vikawa chini ya jina moja. Waalimu hawakutafutwa mbali, maana tangu 1886 Chautauqua ilikuwa na chuo cha mazoezi ya viungo chini ya William Anderson, mmoja wa watu walioifanya elimu hiyo kuwa fani yenye heshima katika shule za Marekani. Tena William Rainey Harper, mwalimu wa Kiebrania aliyesimamia masomo pale kabla na baada ya kuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, alimleta mwanafunzi wake wa Yale, Amos Alonzo Stagg, bingwa wa kurusha mpira wa besiboli, ambaye baadaye jina lake lilivuma kuliko la kocha mwingine ye yote wa zama zake. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Ohio aliyeingia katika uwanja ule aliweza kufundishwa kukamata mpira na watu ambao vyuo vikuu vilikuwa vikiwagombea. Yote hayo yalitangulia kwa miaka kumi na minne kambi ya Brownsea ya mwaka 1907, ambayo kwayo Baden-Powell, yule aliyefia Nyeri mwaka 1941 na kuzikwa huko huko, alianza kuipa dunia maskauti wake.

Sasa nieleze jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo siri ya umri mrefu wa Klabu. Siku yake imekatwa vipande viwili. Watoto huingia saa tatu asubuhi, hutoka saa sita mchana. Hurudi saa nane, na saa kumi wamekwisha. Na jambo hilo ni la siku tano, Jumatatu hata Ijumaa, kwa majuma tisa ya msimu, kutoka mwisho wa Juni hata mwisho wa Agosti. Mtazame sasa mzazi: ibada ya asubuhi huanza saa tatu na robo, mhadhara mkuu wa siku huanza saa tano kasorobo, na wa alasiri saa nane. Mtoto anapokuwa majini mzazi yuko ukumbini, na mzazi anapotoka ukumbini mtoto naye anatoka majini, na wote wawili wanaonana mezani wakati wa chakula cha mchana, kila mmoja akiwa na la kusimulia. Kambi za kulala ziliwapa wazazi barua moja kwa juma, mara nyingi fupi, iliyoandikwa kwa amri ya mlezi. Kambi hii ya kutwa iliwapa mtoto mwenyewe, nywele zimelowa, njaa imemshika, akisema alichokifanya nusu saa iliyopita, na ukweli wa habari yake ukijulikana usoni kabla hajamaliza kusema. Mzazi akaweza kujua upesi kama mlezi fulani ni mpole au mkali kupita kiasi, kama mtoto ameonewa, kama ameanza kupenda kitu; na mlezi naye akijua kwamba saa sita itafika, hakuwa na nafasi ya kuficha uzembe. Uangalizi wa namna hii haukuandikwa katika kanuni yo yote, ulitokana na saa tu, na hakuna bodi ya wakaguzi iwezayo kuushinda.

Tena saa yenyewe ilikuwa na sauti. Mnamo 1911 ulijengwa mnara wa kengele penye ncha ya Fair Point, ukapewa jina la Miller, na kengele zake husikika uwanja mzima, hata mtoto asiyejua kusoma saa hujua wakati wa kuondoka nyumbani. Ndani ya uzio magari ni machache mno wakati wa msimu, kwa hiyo kusafiri kwa watoto ni kwa baiskeli, na asubuhi kabla ya saa tatu vijia vyote vinavyoteremka kuelekea kusini ya uwanja hujaa baiskeli za kila kimo, taulo zimezungushwa shingoni au zimebanwa nyuma ya kiti, mkubwa mbele na mdogo nyuma yake akipiga pedeli mara tatu kwa kila moja ya kaka yake. Hakuna anayewasindikiza. Mtoto wa mjini, ambaye mwaka mzima havuki barabara pasi na kushikwa mkono, huko hupewa njia yake mwenyewe kwa miezi miwili, na nimeona kwamba watu wazima waliolelewa katika Klabu, wakiulizwa kumbukumbu yao ya kwanza, hutaja njia hiyo kabla hawajataja ziwa. Wadogo kabisa, ambao hawajafikia umri wa miaka sita, walitengewa mwaka 1921 shule yao ya chekechea, iliyokuwa miongoni mwa za mwanzo katika nchi ile. Na ye yote anayepita hapo hungojea kwa hamu siku ya kupanda daraja, apate kuitwa mtu wa Klabu.

Katika mafunzo yote, la tanga ndilo linalopendeza kuliangalia kwa karibu. Chombo ni kidogo, cha watoto wawili au watatu, chenye mlingoti mmoja, usukani, na ubao unaoteremshwa katikati ili kisisukumwe upande na upepo. Na kabla mtoto hajaruhusiwa kukiendesha hufundishwa kukipindua. Mlezi hukaa majini karibu, watoto wamevaa makoti ya kuelea, na kwa amri wote huegemea upande mmoja mpaka tanga likalala juu ya maji. Hapo ndipo somo linapoanza, kwa maana mmoja huzunguka chini ya tumbo la chombo, akaukanyaga ubao ule kwa miguu miwili, akashika ukingo, akajilaza nyuma kwa uzito wake wote, na chombo husita kwanza, kisha huinuka taratibu, tanga likitiririka maji, na mwenzake aliyebaki upande wa pili hubebwa ndani pamoja nacho. Mara ya kwanza aghalabu kuna kilio. Mara ya tatu kuna ugomvi, kila mmoja akitaka kuwa mkanyaga ubao. Baada ya hapo ndipo hufundishwa kushika demani, yaani kamba ya tanga, kuilegeza na kuivuta kwa kadiri ya upepo, na kubisha, yaani kwenda mbele huku upepo unakuja usoni. Na mtoto aliyekwisha kujua kwamba kupinduka si mauti hujifunza haya kwa moyo mkunjufu, bila kutetemeka. Watu wa Lamu na wa Unguja, ambao watoto wao hujifunza ngalawa kwa kutazama tu, watasema kwamba haya ni mambo madogo, nao wana haki. Lakini wale ni watoto wa Cleveland, Pittsburgh na Buffalo, ambao wengine hawajapata kuona tanga ila katika picha. Na ngurumo ya kwanza ikisikika juu ya vilima, kila chombo huitwa pwani, hata kama jua bado linawaka upande wa pili, wala hapana mjadala.

Walezi wenyewe wengi ni wanafunzi wa vyuo vikuu, na wengi kati yao walikuwa watoto wa Klabu hiyo hiyo. Mtoto huingia akiwa na miaka sita au saba, akapanda kundi kwa kundi kila mwaka mpaka amefika umri wa miaka kumi na mitano hivi, na kisha hugeuka kuwa msaidizi, na baada ya usaidizi akawa mlezi mwenye kundi lake. Hivyo mafunzo hayakutegemea kitabu. Nyimbo, mizaha, jina la mahali pa hatari penye matope, namna ya kumtuliza mtoto anayetaka mama yake siku ya kwanza, vyote vilirithishwa mdomo kwa mdomo kutoka kwa aliyelelewa kwenda kwa atakayelea, sawa na ufundi wa nyumba unavyopita kwa somo na mwari wake. Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa baina ya Klabu na kambi ya Balch: mwasisi akifa au akichoka, walezi wa Klabu wanajua la kufanya kesho asubuhi, kwa kuwa walikwisha kufanyiwa.

Kuna siku zenye heshima yake. Klabu hugawanyika pande mbili, wekundu na wabuluu, zikashindana katika mbio na kuruka siku ya riadha, na katika kuogelea na makasia siku ya michezo ya majini. Na gazeti la kila siku la Chautauqua, ambalo asili yake ni mwaka 1876 na ambalo hutangaza mihadhara ya wanazuoni na wanasiasa, huandika habari za michezo hii ya watoto kwa uzito ule ule, likataja nani alishinda. Jambo hilo linanipendeza kuliko nitakavyoweza kueleza, maana mtoto hufahamu mapema ikiwa wakubwa wanamheshimu au wanamchezea. Mwezi wa Agosti makundi hupanda jukwaa lile lile kubwa wanapotoa hotuba watu mashuhuri, wakaigiza nyimbo kwa mavazi waliyoyashona wenyewe, ukumbi ukavuma kwa vifijo. Vile vile kuna siku ambayo watoto huweka vibanda vya michezo na kuchangisha fedha kwa ajili ya taasisi iliyowalea, na fedha hizo huletwa na kutolewa hadharani usiku wa maadhimisho, Jumanne ya kwanza ya Agosti, ambapo watu hukumbuka tarehe ile 4 ya mwaka 1874. Usiku huo husimama kwa zamu walioanza kuja miaka kumi iliyopita, ishirini, hamsini, na kisha aila kwa vizazi vyake, viwili, vitatu, vinne na zaidi. Na marehemu wa mwaka hukumbukwa kwa leso nyeupe zinazoinuliwa juu na kushushwa polepole. Leso hizo zina asili ya mwaka 1877, alipokuja mwalimu kiziwi aliyesimulia visa vya Biblia kwa ishara za mikono, na Vincent, akifahamu kwamba makofi hayatamfikia mgeni wake, akaamrisha watu wapunge leso badala yake.

Si kila mwaka ulikuwa wa raha. Dhiki ya uchumi iliyoanza 1929 iliikuta taasisi imejenga sana na kukopa sana, na ilipofika 1933 haikuweza tena kulipa madeni yake, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa mahakama. Rais wake, Arthur Bestor, pamoja na wapenzi wa mahala pale, walizunguka wakikusanya sadaka kubwa na ndogo, na mwaka 1936 deni likaondolewa. Na tarehe 14 Agosti ya mwaka huo Rais Franklin Roosevelt alisimama katika ukumbi wa 1893 akatangaza jinsi anavyochukia vita. Muda wote huo wa dhiki watoto waliendelea kwenda ziwani. Nadhani watu wangaliweza kuvumilia kukosa mhadhara, lakini kuvunja Klabu kungalikuwa kuvunja ahadi kwa watoto ambao hawakuwa na hatia ya deni lo lote.

Pana aibu moja ambayo mwandishi wa taarikhi hana ruhusa ya kuipita kimya. Chautauqua ina uzio, na lango, na tiketi ya kuingilia, na nyumba za kupanga zenye bei. Basi neema ya Klabu tangu awali ilikuwa ya watoto ambao wazazi wao waliweza kulipa. Watu weusi waliokuwamo ndani ya uzio, kwa miaka mingi ya mwanzo, aghalabu walikuwa watumishi au waimbaji walioalikwa, na watoto wao hawakuwamo katika hesabu ya wapanda vyombo. Mwaka 1877, miaka kumi na sita kabla ya Klabu, kasisi Willard Parsons wa kijiji cha Sherman, Pennsylvania, aliwaomba waumini wake wawapokee majumbani mwao watoto maskini wa jiji la New York wapate hewa safi, na kutokana na ombi hilo kukatokea mfuko ambao umewapeleka watoto wengi mno mashambani na kambini. Watu wa Parsons hawakuwa na ukumbi wala mnara, na walifungua milango yao. Chautauqua ilikuwa na kila kitu, ikachelewa. Na sifa zote nilizoitolea hapa sitaki zisomwe pasipo neno hilo.

Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi yaliyoenea duniani, mikutano yote ya ana kwa ana ilisimamishwa, kukawa na kiangazi cha kwanza ambacho elimu ya Chautauqua ilipelekwa kwa mitambo tu. Mhadhara huweza kupita katika waya, lakini kuogelea hakuwezi. Mwaka 2021 milango ikafunguliwa. Hata hivyo jambo linalowashughulisha sasa wapenzi wa Klabu ni ziwa lenyewe, kwa kuwa mbolea za mashamba, maji ya vyoo vya nyumba za ufukweni na udongo unaochukuliwa na mvua vimelitia maji chakula kupita kiasi, na katika miezi ya joto huzuka mwani wa rangi ya kijani na buluu wenye sumu, hasa nusu ya kusini ambayo kina chake ni kifupi, na mara nyingine hata huku kaskazini iliko Chautauqua. Ukionekana karibu na ufuko, kuogelea husimamishwa mpaka maji yapimwe, na walezi hulazimika kuwatafutia watoto mia kadhaa shughuli ya nchi kavu kwa ghafula. Wataalamu wameweka vyombo majini vya kupima joto, mwendo na kemia ya ziwa mchana na usiku, na mabomba ya kuchukua maji machafu yanazidi kurefushwa kandoni mwa ufuko wa magharibi, nyumba kwa nyumba, ili vyoo vya zamani viachwe; kazi ya gharama nyingi, ambayo haijamalizika.